Kichwa cha roboti chenye sevo mbili: kinatetemeka, Arduino inajiwasha upya

Swali
Wakuu, habari. Kichwa ni cha boksi na foamu, gramu 180. Sevo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru) ni mbili, aina ya SG90: ya chini inageuza kushoto na kulia, ya juu inainamisha. Umeme unatoka pini ya 5V ya Arduino Uno, bodi inayoziongoza, iliyochomekwa USB ya kompyuta. Sevo moja ikifanya kazi, safi. Zikianza pamoja kichwa kinatetemeka na bodi inajiwasha upya. Nihamie sevo kubwa?

Jibu 1
Hapana, kubwa itakula umeme zaidi. SG90 ikielemewa huvuta miliampea 650 hivi. Mbili zinapita ampea moja, wakati fyuzi ya USB ya Uno ni ya miliampea 500. Volti inaporomoka, bodi inazimika. Tumia adapta ya volti 5, ampea 2, iende kwenye sevo bila kupitia bodi. Hasi ya adapta lazima iungane na hasi ya Arduino, la sivyo sevo zitacheza ovyo. Weka na kapasita (hifadhi ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 470 karibu na sevo, na usigeuze hasi na chanya, hupasuka.

Jibu 2
Mkuu, pima pia kitovu cha uzito kiko wapi. Kikiwa sentimita 6 mbele ya mhimili wa sevo ya juu, mzigo ni kilo-sentimita 1.08 (kilo 0.18 mara sentimita 6), na SG90 hukwama kwenye 1.8 hivi. Hapo lazima itetemeke. Usikimbilie kugundisha vyuma kisogoni: ungehitaji gramu 135 sentimita 8 nyuma, kichwa kizima kiwe kizito bure. Hamisha mhimili upite usawa wa masikio, mpaka kichwa kitulie chenyewe sevo ikiwa haijafungwa. Sevo ya chini nayo izungushe tu; uzito ubebwe na beringi.

Na kabla ya kufunga mkono wa plastiki wa sevo, iamuru sevo ikae nyuzi 90. Wasiofanya hivyo ndio wanaokata meno ya gia.

Muuliza
Umeme nimeutenganisha, haijiwashi upya tena. Mhimili nauhamisha. Ila kichwa kinageuka ghafla mno.

Jibu 1
Hiyo ni programu. Ukiandika `write(120)`, yaani nenda nyuzi 120, sevo inakwenda kwa kasi yake yote. Isogeze nyuzi 1 kila milisekunde 15, lakini nyuzi 10 za mwanzo na 10 za mwisho zipe milisekunde 30. Mgeuko wa nyuzi 60 utachukua sekunde 1.2. Sevo zote mbili zisogezwe ndani ya kitanzi kimoja (loop, amri zinazojirudia); ukizipa vitanzi viwili, ya pili itaisubiri ya kwanza imalize.