Mjadala: Tozo ya ufundi stadi imfuate mwanagenzi hadi karakanani

Kila tunapojadili ajira za vijana wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hoja inayorudiwa zaidi ni kwamba kila wilaya ikishapata chuo chake cha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, tatizo la ujuzi litakuwa limekwisha. Ujenzi wa vyuo 64 vya wilaya na kimoja cha Mkoa wa Songwe nauunga mkono, kwa kuwa mzazi wa Makete au Ileje hapaswi kumpeleka mtoto mbali kutafuta ufundi. Ninachokipinga ni kudhani kwamba majengo yanatosha, ilhali mafundi wengi tunaowategemea hawajawahi kuingia darasa lolote la ufundi. Hata mkondo wa amali (masomo ya kazi na ufundi shuleni) ulioletwa na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, ambao ni jambo jema, haumgusi kijana aliyekwisha kuondoka shuleni.

Chukueni Mafinga, mkoani Iringa. Shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya wananchi yanalisha viwanda vidogo vingi vya mbao, na vijana wanaoendesha zile mashine za kupasua magogo ziitwazo dingdong wamefundishwa na waliowatangulia tu. Aliyeiva katika kazi hiyo husikia kwa mlio kwamba meno ya msumeno yamekuwa butu, akasimamisha mashine. Asiyejua huendelea kusukuma gogo, msumeno ukayumba, ubao ukatoka mnene upande huu na mwembamba upande ule, na mti uliotunzwa miaka mingi ukaishia kuwa maranda. Kunoa na kupanga meno ya msumeno kunafundishika kabisa. Tatizo ni kwamba fundi hana sababu ya kupoteza siku yake kumfundisha mtu bila malipo, na kijana hana cha kula wakati anajifunza.

Fedha zipo. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL), iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, na theluthi moja tu ya makusanyo hayo ndiyo huenda VETA. Napendekeza sehemu ya theluthi mbili zinazobaki imlipe fundi kwa kila mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwake, anayefaulu mtihani, na impe mwanagenzi posho ya kujikimu, huku chuo cha wilaya kikimtuma mkufunzi kufundisha vipimo, michoro na usalama kazini. Utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi tayari upo, kwa hiyo cheti kisiwe kisingizio.

Wapo wanaohofia kwamba mafundi watawageuza vijana vibarua wa bure, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana nasisitiza malipo ya fundi yafungwe kwenye mtihani unaosimamiwa na mtu wa nje. Wanaotaka fedha ziendelee kwenda kwenye majengo peke yake, naomba watueleze: kijana wa Mafinga mwenye mke na mtoto, asiyeweza kuacha kibarua akakae bweni, afundishwe na nani?