MJADALA: UB-14 iliizamisha Amalfi kwa ubora wake, au walizembea Waitaliano?

Kaskazi:
Wakuu, kila zinapotajwa nyambizi za Vita ya Kwanza ya Dunia, hoja hii haikosi: kwamba boti ndogo za pwani za Kijerumani, aina ya UB I, zilithibitisha kuwa chombo cha tani 127 kinaweza kuangusha manowari ya tani elfu kumi. Shahidi anayeletwa ni UB-14. Tarehe 7 Julai 1915 iliizamisha Amalfi, manowari ya deraya ya Italia, katika maji ya Venice. Tarehe 13 Agosti ikaizamisha Royal Edward, iliyobeba askari wa Uingereza kupitia Bahari ya Aegean. Novemba ikaimaliza nyambizi ya Kiingereza E20 katika Bahari ya Marmara. Zote hizo nahodha alikuwa Heino von Heimburg. Mimi nasema boti haistahili hata robo ya sifa hizo. Adui zake ndio waliomfanyia kazi. Nipingeni.

Fundi Dizeli:
Nusu nakubaliana nawe. Tuitazame boti yenyewe. Urefu mita 28, watu 14. Dizeli moja ya nguvu za farasi 60, mota moja ya umeme ya kama farasi 120, shafti moja, rafadha (propela) moja. Juu ya maji noti (maili za baharini kwa saa) kama 7.5, chini ya maji kama 6.2. Mirija miwili ya kufyatulia topido (makombora ya chini ya maji) omoni, yaani mbele, ya sentimeta 45, na topido ni mbili tu. Ukishazifyatua, hakuna za akiba, unarudi bandarini.

Chini ya maji betri iliipeleka maili 45 za baharini kwa mwendo wa noti 4, yaani kama saa 11. Ukiongeza kasi, muda unapukutika haraka sana. Kwa hiyo nahodha wa UB I hafukuzi meli. Anakisia itapita wapi, anatangulia, anangoja. Meli ikigeuza uelekeo kidogo tu nje ya masafa ya topido, kazi imeisha. Hataifikia tena.

Kuna na tatizo la wakati wa kufyatua ambalo wengi hawalijui. Topido ina uzito wa zaidi ya kilo 600. Ikitoka, omo inakuwa nyepesi ghafla, na kwa boti ndogo namna hiyo inainuka hadi mnara kuchungulia juu ya maji, mbele ya macho ya adui. Dawa yake ni kuingiza maji upesi kwenye tangi la kusawazisha uzito, na mabaharia wasio na kazi ya lazima wakimbilie mbele wawe uzito wa kuishikilia omo. Wakichelewa, boti inaonekana. Wakizidisha maji, inapiga mbizi kichwa chini.

Kaskazi:
Umenimalizia hoja yangu. Chombo kinachosubiri windo lijilete lenyewe kinategemea uzembe wa windo. Royal Edward ilikuwa ikisafiri bila msindikizaji, na topido moja ikaitosha. Ilizama kwa dakika chache. E20 ndiyo kabisa: nyambizi ya Kifaransa Turquoise ilikwama mwishoni mwa Oktoba 1915, Waturuki wakaikamata na karatasi zake hazijachomwa. Ndani yake mlikuwa na mahali pa kukutana na E20. Von Heimburg alikwenda kwenye miadi ya watu wengine! Huo ni ubora wa boti au wa makabrasha?

Ngalawa:
Kaskazi, unaihukumu kwa kazi isiyokuwa yake. UB I iliagizwa Oktoba 1914, vita ina miezi miwili, na UB-14 ikaanza kazi Machi 1915. Miezi mitano! Upana wake ni mita 3.15 kwa sababu moja: ipite kwenye reli. Ilitengenezwa Bremen, ikakatwa vipande, ikapakiwa kwenye mabehewa hadi Pola, bandari ya kivita ya Austria-Hungaria kwenye Adriatiki, ikaungwa tena huko. Kwa mafuta yake isingeweza kuizunguka Ulaya na kupita Gibraltar. Hiyo dizeli moja unayoicheka, Fundi, ndiyo bei ya kupita kwenye mahandaki ya reli.

Linganisheni na Königsberg, manowari kubwa ya Kijerumani. Siku nne tu baada ya Amalfi, tarehe 11 Julai, meli ile ya tani zaidi ya 3,000 ilimalizwa Rufiji baada ya kujificha deltani tangu mwaka uliotangulia, makaa ya mawe hakuna.

Fundi Dizeli:
Mimi sicheki, nahesabu. Na mfano wa Königsberg hausimami: pamoja na kukwama kwake, ilishughulisha meli nyingi za Waingereza kwa zaidi ya miezi minane.

Turudi kwenye shafti moja. Julai hiyohiyo UB-14 ilitumwa Uturuki, ikavutwa kwa kamba na meli ya Austria sehemu ya kwanza ya safari ili isimalize mafuta. Ilipokaribia Krete, dira ya jairo ikafa na beringi za shafti zikaharibika. Ikajikokota hadi karibu na Bodrum. Mafundi walitoka Istanbul kwa treni, kisha kwa ngamia, na boti ikakaa hapo wiki kama tatu. Ingekuwa na shafti mbili, ingeendelea na moja. UB-3, boti nyingine ya aina hiyo, haikupata hata nafasi hiyo: Mei 1915 iliachiwa kamba baada ya mlango wa Otranto, njia ya kutokea Adriatiki, ikielekea Izmir, ikapotea na watu wake wote.

Wakili wa Bahari:
Mnabishana injini na kuliacha swali zito. Italia iliitangazia vita Austria-Hungaria tarehe 23 Mei 1915. Kwa Ujerumani, Italia iliitangazia vita tarehe 28 Agosti 1916. Amalfi ilizamishwa katikati ya tarehe hizo, na boti ya Kijerumani yenye nahodha na mabaharia wa Kijerumani, ikiwa imeandikishwa Austria kwa jina la U-26. Manowari halali huongozwa na ofisa aliyeteuliwa na dola ya bendera ile. Von Heimburg alikuwa ofisa wa Kaizari wa Berlin.

Ngalawa:
Bendera ya kuazima ni hila ya kale baharini, Wakili.

Wakili wa Bahari:
Ni halali mradi uishushe na kupandisha yako kabla ya kufyatua. Aliye chini ya maji anapandisha nini, na nani ataiona? Tena haikuwa hila ya dakika tano. Ilikuwa utaratibu wa serikali mbili. Novemba 1915 U-38, nyambizi ya Kijerumani, iliizamisha Ancona, meli ya abiria ya Italia, kwa mtindo huohuo. Marekani ilipeleka malalamiko Vienna, kwa sababu bendera iliyoonekana ilikuwa ya Austria. Waliofyatua wakabaki Wajerumani, aliyejibu akawa Mwaustria.

Kaskazi:
Hapo niko nawe. Na mniondolee E7 kwenye orodha ya UB-14. Septemba 1915 nyambizi hiyo ya Kiingereza ilinaswa na nyavu za Waturuki Nagara, kwenye mlango wa Dardaneli. Inavyosimuliwa, von Heimburg alikwenda na mpishi wake kwa mtumbwi, wakaipapasa kwa timazi, wakateremsha bomu. UB-14 yenyewe haikurusha kitu.

Wajerumani wenyewe waliipima UB I wakaiona haitoshi. UB II iliyofuata ilikuwa na dizeli mbili, shafti mbili, topido za sentimeta 50, na uzito mara mbili.

Ngalawa:
Na UB-42 hadi UB-47, ambazo ni UB II, zilifikaje Pola? Kwa vipande, kwenye mabehewa yaleyale. Kama wazo la UB I lilikuwa bovu, Kaskazi, kwa nini walilirudia?