Siku zangu zinagongana na kufunga hesabu. Mlioajiriwa mnafanyaje?

Dada Risiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wanaume mnakaribishwa, ila aliyekuja kutania apite kimya kimya.

Nina miaka 31, ni mhasibu kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar. Siku mbili za kwanza za hedhi mimi si mtu. Tumbo linakata, kiuno kinavuta, damu inatoka mpaka navaa pedi mbili kwa pamoja. Na mwisho wa mwezi, tunapofunga hesabu na hakuna anayetoka kabla ya saa mbili usiku, ndipo na yenyewe inaingia, kama imepanga.

Mwezi wa nne nilikuwa naeleza madeni ya wateja mbele ya meneja na wakuu wa idara. Nikataka kusimama niende ubaoni, nikasikia imeshapita. Nikakaa. Taarifa nzima nimeitoa nimekaa, nikasingizia mguu umekufa ganzi, nikajifanya napanga makaratasi mpaka wote wakatoka. Kiti ni cha kitambaa, kijivu. Nilikifuta kwa maji ya chupa na karatasi za printa, halafu nikakisukuma kwenye kona. Kipo mpaka leo, na kila kikao naangalia nani kakikalia.

Kwenye tathmini meneja ameandika kuwa mwisho wa mwezi "hana moyo wa kazi". Hapo ndipo nilipoumia. Mitandaoni naona wanasema mwanamke apange kazi kufuata mzunguko wake. Mimi tarehe napangiwa, nitapanga nini? Na je, nimwambie meneja? Ni mwanaume, umri wa baba yangu.

Shangazi wa Upanga

Pole mwanangu. Mimi nimekaa ofisi za serikali miaka 29 na hakuna bosi aliyewahi kujua tarehe zangu. Khanga ndani ya mkoba, sketi nyeusi, chai ya tangawizi, siku inakwisha. Usimwambie. Leo atakupa pole, kesho cheo kikitokea atasema huyu ana matatizo yake ya kila mwezi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Mwezi Mchanga

Shangazi, shikamoo, ila zama zimebadilika. Dada Risiti, mzunguko una awamu nne. Wiki ya hedhi unapumzika na kutafakari, inayofuata unaanzisha mambo mapya, yai linapopevuka unafanya mawasilisho na kuomba nyongeza ya mshahara, ya mwisho unamalizia kazi ndogo ndogo. Mimi nauza nguo mtandaoni, nimepanga hivi mwaka mzima na maisha yangu yamebadilika.

Nesi Zamu ya Usiku

Mwezi Mchanga, wewe duka lako, ratiba yako. Mwenzio akisema wiki hii anatafakari, atatafakari akiwa nyumbani bila mshahara.

Niseme ninayoyajua. Homoni zinapanda na kushuka, hilo kweli. Estrojeni hupanda kabla ya yai kupevuka, baada ya hapo projesteroni inashika zamu na joto la mwili linapanda kidogo, na siku chache kabla ya damu zote mbili zinaporomoka. Wapo wanaokosa usingizi hapo, wapo wanaolia kwa jambo dogo, na wapo wasiosikia chochote. Lakini kwamba akili ya hesabu inapungua wiki fulani na kurudi wiki nyingine, tafiti hazijaonyesha hivyo kwa uhakika. Usije ukampa meneja wako fimbo ya kukuchapia.

Kinachokuangusha wewe ni maumivu na wingi wa damu, na hivyo vina tiba. Ukuta wa kizazi ukianza kubomoka unatoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ndizo zinazokikaza kizazi kama ngumi. Dawa za kundi la ibuprofeni zinazuia kemikali hizo zisitengenezwe, ndiyo maana ukimeza mapema, dalili ya kwanza tu, zinafanya kazi kuliko ukisubiri mpaka umejikunja sakafuni. Meza baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, shida ya figo, au anayedhani ana mimba, asiguse kabla ya kuongea na daktari au mfamasia.

Sasa hizo pedi mbili kwa pamoja zimenishtua. Nijibu: unabadilisha kila baada ya muda gani? Kuna mabonge? Inachukua siku ngapi? Ukipanda ngazi unahema?

Dada Risiti

Siku ya pili nabadilisha kila saa moja na nusu. Mabonge yapo, makubwa kuliko sarafu ya mia mbili. Siku saba, mara nyingine nane. Ngazi za ofisini ni ghorofa tatu, napumzika ya pili. Nilidhani ni unene.

Nesi Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, wiki hii hii nenda. Kipimo cha wingi wa damu, na altrasaundi ya kizazi kuangalia kama kuna uvimbe. Kama maumivu yanakuwepo pia wakati wa tendo la ndoa au wakati wa haja kubwa, mwambie daktari bila haya, maana kuna ugonjwa unaitwa endometriosisi, nyama kama ya ukuta wa ndani wa kizazi inaota nje ya kizazi. Unampata karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi huzungushwa miaka wakiambiwa ni chango, litaisha ukizaa.

Mwalimu Kokotoa

Mimi ni mwanaume, nafundisha hisabati, naomba niulize kwa adabu. Mzunguko wako ni wa siku ngapi? Kama ni 28, hauwezi kugongana na mwisho wa mwezi kila mwezi. Ukiacha Februari, mwezi una siku 30 au 31, kwa hiyo hedhi inarudi nyuma siku mbili au tatu kila mara. Miezi miwili mitatu inagongana, halafu inaachia. Ni mwenye mzunguko wa siku 30 au 31 tu ndiye anayekaa nao sambamba. Nahisi unakumbuka ile miezi iliyouma na kusahau iliyopita salama. Tafuta tarehe halisi kwanza.

Dada Risiti

Mwalimu, umenikamata. Sijawahi kuandika.

Kerubo wa Rongai

Salamu kutoka Nairobi. Hiyo ya kiti usijilaumu. Huku Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia bungeni na suti nyeupe yenye doa jekundu, akaambiwa atoke akabadilishe. Kama bungeni wanaona hivyo, meneja wako ni nani? Lakini mimi singenyamaza. Ile tathmini imeshaandikwa, na ukinyamaza hilo jina la mvivu linabaki kwenye faili.

Mzee wa Faili

Kwa upande wa sheria. Tanzania hatuna likizo ya hedhi. Zambia wanayo, sheria yao ya ajira ya 2019 inampa mwanamke siku moja kila mwezi bila cheti wala maelezo, wanaiita Siku ya Mama. Japani iko kwenye sheria tangu 1947, ila wanaoiomba ni wachache mno, kwa sababu hizo hizo alizosema Shangazi.

Ulichonacho wewe ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Sharti ni cheti cha daktari. Kwa hiyo huo ushauri wa Nesi ni wa afya na ni wa kisheria vilevile: ukipimwa ukaandikiwa, hilo si "mambo ya kike" tena, ni ugonjwa wenye karatasi. Na ile tathmini iandikie majibu, ubaki na nakala.

Binti Chake

Mimi niko benki, kaunta. Nilimwambia msimamizi wangu, mwanaume vilevile. Sikutaja damu wala tumbo. Nilimwandikia hivi: "Shikamoo baba. Nina tatizo la kiafya linalonibana siku moja au mbili kwa mwezi, natibiwa. Siku hizo naomba kazi za ndani badala ya kaunta, na nitafidia zamu siku nyingine." Akajibu "Sawa mwanangu, ugua pole". Basi. Hajawahi kuniuliza tena. Siri ni kumpelekea ombi ambalo limeshajibiwa, nani atashika nafasi yako na lini utalipa.

(Ramadhani ndiyo kazi. Ofisi nzima wamefunga, na wewe unatafuna andazi chooni kama mwizi. Hilo sijapata dawa yake.)

Shangazi wa Upanga

Binti Chake, hiyo barua naikubali. Imesema bila kusema. Dada Risiti, nenda kapime kwanza. Na mimi nilikuwa na uvimbe, niliujua nikiwa na miaka 44.

Dada Risiti

Wakuu, nimerudi. Wingi wa damu ni 9.2, mwanamke anatakiwa aanzie 12. Nimepewa vidonge vya madini ya chuma na nimekatazwa kuvinywa na chai, nivinywe na juisi ya chungwa au maji. Altrasaundi ni wiki ijayo.

Tarehe nazo nimezipata. Huwa namtuma mdogo wangu pedi kwa ujumbe, nikafukua ujumbe wote wa "niletee": 3 Machi, 31 Machi, 27 Aprili, 25 Mei. Mwalimu, ni siku 28, 27, 28. Machi na Aprili zilinigonga kweli, Mei ilinigusa mkia tu. Nimenunua daftari dogo.

Nilichokuwa naogopa ni Juni, maana ndiyo mwisho wa mwaka wetu wa fedha. Kumbe ikienda hivi hivi itaingia tarehe 22, wiki nzima kabla ya kufunga. Nikashusha pumzi. Halafu nikaangalia kalenda ya ofisi: tarehe 22 na 23 ni kuhesabu mali ghala la Vingunguti, siku mbili tumesimama, choo kimoja na ufunguo anao mlinzi.

Nimenakili ujumbe wa Binti Chake, nikabadilisha "kaunta" nikaweka "ghala". Mwenzangu wa mezani amekubali kwenda Vingunguti, mimi nitamfanyia usuluhisho wa benki wa Juni wote (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki), kazi anayoichukia kuliko zote. Meneja amesoma saa nne asubuhi. Hajajibu bado, ila mchana amepita mezani kwangu akauliza kama nimekula.

Mwalimu Kokotoa

Tarehe 22 ni makadirio. Weka pedi mkobani kuanzia tarehe 19.