Kustaafia Queensland, Australia: nyumba yako kwenye kiwanja cha kupanga, kijiji cha wastaafu, au fleti?

MamaLogan
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi na mzee tunakaribia kuacha kazi, watoto wametoka wote, nyumba imekuwa kubwa tunataka kuuza. Tunapima mambo matatu: ile mitaa ya waliofika miaka 50 ambako nyumba inakuwa yako ila ardhi ni ya kampuni, tulikotembelea kodi ya kiwanja ni dola 215 kwa wiki, au kijiji cha wastaafu, au fleti ya kawaida yenye hati. Tulichoonyeshwa ni kizuri jamani, jiko linatazama kibaraza, bwawa liko hapo hapo, lakini roho inasita kuweka nyumba juu ya ardhi ya mtu. Mnasemaje?

kaka_perth
Dada, kiwanja cha kupanga unafuu wake uko mwanzoni. Queensland ushuru wa stempu wa kununua nyumba hulipi, na mkifika 67 mkaanza pensheni ya serikali ile kodi ya kiwanja inahesabiwa kama pango kwa hiyo mnaweza kuomba msaada wa pango Centrelink, ofisi ya misaada ya serikali, kwenye fleti yako mwenyewe huupati. Ila benki nyingi hazikopeshi maana hakuna hati ya ardhi ya kuweka rehani, mnanunua kwa keshi ya nyumba mnayouza.

Bibi_Ipswich
Marahaba mwanangu. Nakaa kwenye kiwanja cha kupanga tangu kabla ya korona na sijutii, asubuhi nazunguka na wenzangu mpaka ukumbini kisha chai. Lakini soma kipengele cha kupandisha kodi kabla hujapenda jiko. Sheria ilibadilishwa 2024, sasa kwa mwaka hawaruhusiwi kuzidisha 3.5% au mfumuko wa bei, kile kilicho kikubwa, na ule mtindo wa kupandisha kwa kisingizio cha bei ya soko umefutwa. Hata hivyo piga hesabu, 215 ikipanda 3.5% kila mwaka baada ya miaka 10 ni kama 303 kwa wiki, na nyumba inazeeka huku thamani ya ardhi inapanda kwa mwenye ardhi sio kwako.
Halafu wageni. Mjukuu wikendi hana neno, ila binti yangu alipotaka kukaa na wanawe kwa muda uongozi ulikataa kabisa. Na tulipofiwa watu walijaa mpaka barabarani, magari hayana pa kukaa, saa tatu usiku tukaambiwa tutawanyike, msiba huo! Uliza hayo mapema, sisi hatuishi wawili wawili.

Papa_Moise
Bandugu, mama mkwe wangu alikuwa kijiji cha wastaafu. Pale kwa kawaida hununui nyumba, unanunua haki ya kuishi, na ukitoka wanakata sehemu ya pesa yako, mkataba wake ulikuwa asilimia 30. Pesa iliyobaki sheria ya Queensland inawapa wenye kijiji mpaka miezi 18 kulipa, tulingoja sana. Uzuri wake ni kitufe cha dharura, akianguka usiku mtu anakuja.

wa_moshi
Kama mna mpango wa kwenda kukaa nyumbani miezi mingi liwekeni kwenye hesabu, kodi ya kiwanja inaendelea hata nyumba ikiwa imefungwa. Na mkizidisha wiki 26 nje ya nchi, pensheni inaanza kukokotolewa kwa miaka mliyoishi Australia, kamili ni kwa aliyefikisha 35 kabla ya umri wa pensheni.

MamaLogan
Asanteni sana. Kijiji tumekitoa, hiyo asilimia 30 ni urithi wa watoto. Mzee bado anapenda kiwanja cha kupanga, mimi sasa naegemea fleti maana tunaenda Tanga kila mwaka. Bibi, nimekutumia inboksi, naomba kuuona mkataba wako ile sehemu ya wageni kabla hatujarudi kwao.

Bibi_Ipswich
Nakupigia picha kurasa zote leo jioni, na mkija Jumapili mtaongea na majirani wenyewe.