Unbind inalipua draiva ya diski, rmmod haina neno. Nini kinaachiliwa kabla ya wakati?

kasuku32
Wakuu, salaam. Nina draiva ya blk-mq (mfumo wa kerneli wa foleni za maombi ya diski) ya kadi ya PCIe, Linux 6.12. Muundo wangu mkuu, `struct kdisk`, naupata kwa `devm_kzalloc` (kumbukumbu ambayo kerneli huiachilia yenyewe kifaa kikitenganishwa na draiva), na `tag_set` (kundi la vitambulisho vya maombi) imo humo humo ndani yake. Kwenye remove (kazi inayoitwa kifaa kikitenganishwa na draiva) naita `del_gendisk`, `put_disk`, kisha `blk_mq_free_tag_set`. Nikifanya hivi (nafungua diski, natenganisha kadi na draiva kwa unbind, kisha naifunga diski):

`exec 3</dev/kdisk0`
`echo 0000:03:00.0 > /sys/bus/pci/drivers/kdisk/unbind`
`exec 3<&-`

mstari wa tatu tu, KASAN (kikagua kumbukumbu cha kerneli) inapiga kelele ndani ya `kdisk_release`: kumbukumbu imeguswa ikiwa imeshaachiliwa. Lakini rmmod (amri ya kuondoa moduli ya draiva), diski ikiwa imefunguliwa vilevile, inakataa kistaarabu kwamba moduli inatumika. La pili: kadi ikichomolewa ikiwa kazini, remove inaganda kwenye `del_gendisk`, na baada ya sekunde 120 dmesg (logi ya kerneli) inajaa malalamiko ya kazi iliyokwama.

mzee_wa_sekta
Anayefungua diski anashikilia moduli kupitia `fops->owner`, ndiyo maana rmmod inagoma. Unbind haiulizi chochote, na remove ya PCI hairudishi thamani, kwa hiyo haina hata njia ya kusema "subiri". Remove ikimalizika, kila cha devm kinaachiliwa. Gendisk yenyewe (muundo wa kerneli unaowakilisha diski) bado hai kwa sababu fd 3, ile uliyoifungua kwa `exec`, inaishikilia, na `private_data` yake, pointa ya kwenda kwenye `struct kdisk` yako (tuiite `kd`), sasa inaelekeza kwenye kaburi.

Tumia `kzalloc` ya kawaida, na `kfree` uiweke kwenye `.free_disk` ya `block_device_operations`. Hiyo huitwa mshikaji wa mwisho akishaachia, hata kama kadi iling'olewa saa moja kabla.

Sasa mtego, na hapa wengi huteleza. Ukishafanya hivyo, mpangilio wako wa remove unakuwa kosa jipya: kama hakuna aliyefungua diski, `put_disk` itaita `.free_disk` papo hapo, kisha wewe unaita `blk_mq_free_tag_set(&kd->tag_set)` juu ya `kd` ambayo haipo tena. Kwenye remove achilia tag_set kwanza, `put_disk` iwe ya mwisho kabisa. virtio_blk inafanya hivyo hivyo.

Kwenye probe (kazi ya kuanzisha kifaa) iliyofeli ni kinyume. Diski ambayo haijapita `add_disk` foleni yake hufungwa ndani ya `put_disk`, na kazi hiyo inahitaji tag_set ikiwa hai. Kwa hiyo: `put_disk`, halafu `blk_mq_free_tag_set`, halafu `kfree` kwa mkono wako, kwa sababu `.free_disk` haiitwi kwa diski ambayo haikuwahi kuongezwa. Wala usiite `del_gendisk` hapo.

nyuzi_saba
Kuongezea kwa mkuu hapo juu: IRQ (ishara ya kadi ya kuikatiza CPU) umeiombaje? Kama ni `devm_request_irq`, inabaki imesajiliwa mpaka remove irudi, yaani baada ya `put_disk` kuwa tayari imeshaachilia `kd`. IRQ moja ya kuchelewa inatosha kukurudisha kwa KASAN. Baada ya `del_gendisk`, zima DMA (kadi kusoma na kuandika kumbukumbu bila CPU) ndani ya kadi kwanza, kisha `free_irq`, `pci_free_irq_vectors`, ndipo `dma_free_coherent`. Ukiachilia kumbukumbu ya DMA kadi ikiwa bado inaandika, itaandika kwenye kurasa ambazo kerneli imeshampa mwingine, na KASAN haitaona kitu kwa sababu mwandishi si CPU.

Kuganda sasa. `del_gendisk` hujaribu kusukuma data iliyobaki, kisha husubiri maombi yote yaishe. Kadi haipo, nani atayajibu? Rejista zote zinasomeka 0xFFFFFFFF, na kitanzi kinachosubiri biti iwe 0 hakitoki milele. Mwanzoni mwa remove uliza `pci_device_is_present`. Ikijibu hapana:

`blk_mq_quiesce_queue`, kisha `free_irq`, ili handler (kazi inayojibu IRQ) isikamilishe ombi lile lile unaloliua. Pita kwenye maombi yaliyo njiani kwa `blk_mq_tagset_busy_iter`, yape BLK_STS_IOERR (kosa la I/O) na uite `blk_mq_complete_request`. Halafu `blk_mark_disk_dead`, `blk_mq_unquiesce_queue`, ndipo `del_gendisk`. Weka na bendera ili `queue_rq` (kazi ya draiva inayopokea maombi) irudishe BLK_STS_IOERR kwa yatakayopenya baada ya hapo.

Tazama na `.timeout` yako (huitwa ombi likichelewa). Muda wa kawaida ni sekunde 30. Kama kila mara inarudisha BLK_EH_RESET_TIMER (anza kuhesabu upya), ombi halifi.

kasuku32
Ni hiyo kabisa, RESET_TIMER kila mara, na IRQ ni ya devm. Je, `add_disk` nikiiweka kabla ya `request_irq` kuna ubaya?

mzee_wa_sekta
Upo. `add_disk` husoma jedwali la vigawanyo kabla haijarudi, kwa hiyo IRQ isipokuwepo probe inaganda pale pale. Iwe ya mwisho, baada ya `set_capacity`, ambayo huhesabu sekta za baiti 512 hata kama bloku zako ni 4096: GiB 16 ni 33,554,432. Na jibu lake likague, tangu Linux 5.15 inarudisha kosa.