Je, ilikuwa haki kumtenga D. Michael Quinn?

Mchangiaji aliyenitangulia anasema kanisa ni jumuiya ya hiari, kwa hiyo muumini anayeanika mambo ya kanisa hadharani aondoke mwenyewe kabla hajaondolewa. La kwanza nalikubali. La pili nalipinga, na sababu yangu ni Quinn, mwanahistoria wa Marekani aliyetengwa na kanisa lake.

Huyu hakuwa adui aliyejipenyeza. Alilelewa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani la Wamormoni, akalitumikia kama mmisionari Uingereza, akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Yale, kisha akafundisha historia Brigham Young, chuo kikuu cha kanisa hilohilo. Mwaka 1985 alichapisha makala ya kurasa karibu 100 akionyesha, kwa majina na tarehe, kwamba baada ya rais wa kanisa hilo, Wilford Woodruff, kutangaza mwaka 1890 kuachwa kwa ndoa za wake wengi, baadhi ya viongozi wa juu waliendelea kuziruhusu na hata kuzifungisha. Kwa ajili hiyo alinyang'anywa kibali cha kuingia hekaluni, na adhabu hiyo si ndogo, kwani Mmormoni asiye na kibali hawezi hata kushuhudia mwanawe akifungishwa ndoa humo. Mwaka 1988 aliacha kazi. Septemba 1993 akatengwa kwa uasi wa imani, mwezi ambao waandishi na wasomi wengine 5 waliadhibiwa pia.

Mtume Boyd K. Packer, mmoja wa viongozi wa juu wa kanisa hilo, alikwisha kuwaonya walimu wa dini mwaka 1981 kwamba si kila lililo kweli lina manufaa. Sioni haki kuidharau hofu hiyo, maana mchungaji humwogopea muumini mchanga. Lakini muumini huyo akiyasikia mambo hayo kwa watu wa nje, atajiona amedanganywa na watu wa nyumbani mwake, na imani iliyojeruhiwa hivyo ni vigumu kupona.

Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilichapisha insha inayokiri kwamba ndoa kadhaa za wake wengi zilifungwa baada ya 1890. Najua maandishi mengine ya Quinn, hasa kuhusu wanawake na ukuhani, yalimwongezea lawama. Hata hivyo mgogoro ulipamba moto kwa makala ile ya 1985. Quinn alifariki mwaka 2021, bado akiamini kwamba Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, alikuwa nabii, na bado akiwa ametengwa.

Wanaotetea uamuzi ule watuonyeshe basi ni ukurasa upi wa makala ile uliokuwa wa uongo, na kama haupo, watueleze kosa lake katika makala ile lilikuwa lipi.