Rauta ya laini inakata katikati ya kipindi, naombeni msaada

Mwalimu wa Segerea

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Tabata Segerea. Kuanzia saa moja usiku huwa nafundisha kwa video watoto kumi na mmoja wa kidato cha nne. Wengi wako Mbagala, wawili wako Kibaha. Natumia rauta ya 4G, zile za kuweka laini ndani, na kwa zaidi ya mwaka haijawahi kunisumbua.

Sasa ni wiki ya tatu mtandao unakata. Sisemi unapungua kasi, unakata kabisa, dakika mbili tatu, halafu unarudi wenyewe. Nimeanza kuandika kwenye daftari: Jumatatu saa 1:14, 1:31 na 1:52. Jumanne 1:09 na 1:40. Lakini mchana mke wangu anaweza kuangalia video saa tatu mfululizo na haukati hata mara moja. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Nimezima na kuwasha. Nimetoa laini nikaifuta nikairudisha. Nimebonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano mpaka rauta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, nikaweka nywila upya. Hali ni ile ile. Jana tulikuwa kwenye milinganyo ya kipeo cha pili, nikakatika mara tatu, na niliporudi mara ya mwisho nilikuta wamebaki wanne. Imeniuma sana. Hawa watoto wana mtihani Novemba, na wazazi wao wanajibana kuchangia kifurushi.

Duka moja Kariakoo wameniambia rauta imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela nimeona niulize.

Mkazi wa Kimara

Pole mwalimu. Huo ni muda ambao watu wote wamesharudi nyumbani, mnara mmoja unagombaniwa na mtaa mzima. Mimi kazi zangu za kutuma mafaili makubwa nimezihamishia alfajiri. Ile laini itoe uiweke kwenye simu, ufundishe nayo jioni moja. Ikikata na huko, ujue ni mtandao wenyewe.

Na si kila kukatika ni kosa la kifaa. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, Afrika Mashariki yote tulihangaika, na jirani yangu alishinda anazima na kuwasha rauta siku nzima bure.

Dada wa Sinza

Huku kwetu nyumba zimebanana, kila dirisha lina waifai yake, zinaingiliana. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, upande wa 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawaijazi. Kama rauta yako ina 5 GHz na unakaa nayo chumba kimoja, tumia hiyo, ina utulivu zaidi.

Ila mwalimu, nijibu kitu kimoja: ikikata, jina la waifai yako linabaki kwenye simu au linapotea?

Mwalimu wa Segerea

Dada, umenifanya niangalie vizuri leo. Linapotea. Saa 1:22 imekata, nikafungua simu, majina ya majirani yote yapo, langu halipo. Baada ya muda likarudi. Laini nimeijaribu kwenye simu kama alivyoshauri ndugu wa Kimara: saa nzima haikukata.

Fundi wa Buguruni

Mwalimu, usinunue rauta. Hilo swali la dada ndilo lenye jibu.

Waifai ni ya humo ndani kwako, haihitaji mnara. Mnara ukielemewa, au kifurushi kikiisha, jina linabaki na simu inakuambia tu kwamba hakuna intaneti. Jina likipotea, maana yake rauta imezimika na inajiwasha upya. Zile dakika mbili tatu ni muda wake wa kuamka na kutafuta mnara. Kesho kaa mbele yake uangalie taa. Zikizima zote kwa pamoja, cha kwanza kushuku ni umeme unaoingia.

Kwa nini jioni tu? Mkeo akiangalia video, rauta inapokea. Wewe ukifundisha, kamera inawaka na rauta inatuma muda wote. Kutuma ndiko kunakokula umeme, na ikiwa mbali na mnara inalazimika kupaza sauti, inakula zaidi. Adapta ikiwa dhaifu inaachia hapo hapo.

Geuza rauta usome chini yake, kisha soma adapta. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea za adapta ziwe sawa na za rauta au zaidi, zisipungue. Alama za chanya na hasi kwenye ule mchoro wa pini nazo zifanane. Watu wengi wakiona pini inaingia wanaridhika, na hapo ndipo rauta nyingi nzima zinapotupwa. Nikiona hivyo nasikitika, maana mtu ametoa laki kwa tatizo la shilingi elfu chache.

Halafu fungua ukurasa wa mipangilio, tafuta namba inayoandikwa RSRP. Ni namba hasi. Ikiwa karibu na -80 mawimbi ni mazuri, ikifika -110 ni hafifu. Sogeza rauta taratibu huku unaiangalia. Nyuma ya televisheni na juu ya friji si mahali pake. Nondo za dirishani na bati pia vinazuia.

Mwalimu wa Segerea

Fundi, Mungu akubariki. Chini ya rauta imeandikwa 12V 1A. Adapta imeandikwa 12V 0.5A! Nimekumbuka sasa: umeme ulirudi kwa kishindo usiku mmoja, adapta ya awali ikaungua, nikanunua hii barabarani kwa shilingi 5,000 kwa sababu pini iliingia vizuri. Nikihesabu, ni wiki hizo hizo tatu. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Nimeazima ya king'amuzi, 12V 1.5A, nikaijaribu jioni mbili, halafu nikanunua yenye namba hizo hizo. RSRP nyuma ya televisheni ilikuwa -112. Nimeihamishia rauta kwenye stuli karibu na mlango wa kibarazani, inasoma -97.

Ndugu wa Kimara naye hakukosea. Ikifika saa mbili picha inakwaruza kidogo, kwa hiyo nimewaomba watoto wazime kamera zao, nibaki mimi na ubao. Sauti inafika.

Jana tumekwenda dakika 90, taa hazikuzima hata mara moja, na wote kumi na mmoja walikuwepo mpaka mwisho. Ile adapta ya 0.5A nimeikata waya, asije mtu humu ndani akaichomeka tena.